Kipengele cha "mtaa anaoishi" kwenye fomu ya kuchuja waombaji: kinapima nini hasa?

Mpitia_Fomu (muuliza)

Wakuu salaam. Naomba mawazo ya wanaofanya kazi na fomu za kuchuja watu, iwe ni mikopo, ajira au kupangisha nyumba.

Ipo fomu ya alama 100 ya waombaji wa mikopo midogo. Kipengele kimoja kinaitwa "Mazingira ya makazi" na kina alama 15. Mwongozo wake ni mstari mmoja tu: mtaa mzuri alama 15, mtaa wa kawaida alama 8, mtaa wenye sifa mbaya alama 0. Hakuna orodha ya mitaa. Afisa anajaza kwa jinsi anavyoujua au alivyousikia mtaa. Anayefikisha alama 60 anapita.

Wanaotaka kipengele kibaki wana hoja tatu. Kwanza, rekodi zinaonyesha kuna mitaa ambayo marejesho yanasumbua kuliko mingine. Pili, kuna mitaa ambayo kumfuatilia mteja ni kazi. Tatu, wanasema samaki mmoja akioza huoza wote, kwa hiyo mtu hawezi kuishi katikati ya wakorofi akabaki salama.

Wanaotaka kiondolewe wanasema ni kumhukumu mtu kwa anwani. Lakini wakiulizwa zile alama 15 ziende wapi, jibu hawana.

Maswali yangu: hoja ya kwanza ina uzito wa kitakwimu? Kikiondolewa, nini kiingie? Na nitajuaje kama maafisa hawaendelei kuutumia mtaa kichwani hata kama kwenye karatasi haupo?

---

Bint_Jedwali

Mkuu, nianze na hoja ya kwanza maana ndiyo inayowashinda wengi. Usiipinge kwa kusema mitaa yote ni sawa, kwa sababu haiko sawa, na mwenye rekodi mkononi atakuumbua. Pinga pale panapopingika: je, tofauti ya mtaa na mtaa inakwambia nini kuhusu huyu mmoja aliyekaa mbele ya meza?

Namba hizi ni za mfano, nimezipanga ili hesabu ionekane. Mtaa A una wakopaji 100, walioshindwa kulipa ni 10. Mtaa B una wakopaji 100, walioshindwa ni 15. Ripoti itasema hatari ya B ni mara moja na nusu ya A, na itakuwa imesema kweli. Haya, wafungie mlango B wote. Umewaepuka wabaya 15, umewafukuza walipaji wazuri 85, na wale wabaya 10 wa A umewaingiza ndani na kuwazawadia alama 15 kila mmoja.

Sasa chambua kilichomo. Tuseme A ina watu 80 wa mshahara wa mwezi na vibarua 20. B ina 60 wa mshahara na vibarua 40. Katika mitaa yote miwili, wa mshahara wanashindwa 5 kwa kila 100, na vibarua wanashindwa 30 kwa kila 100. Kokotoa: A ni 4 na 6, jumla 10. B ni 3 na 12, jumla 15. Tofauti yote imetoka kwenye namna watu wanavyopata kipato. Mtu wa mshahara ana hatari ile ile alale A au alale B, na kibarua vivyo hivyo. Fomu yako lakini inampa 0 mwenye mshahara wa B na inampa 15 kibarua wa A. Imekosea kwa wote wawili, tena ilhali habari sahihi ipo kwenye kipengele kingine cha fomu hiyo hiyo.

Kuhamisha sifa ya kundi kumbandika mtu mmoja ni kosa la zamani, na mfano wake maarufu ni wa W. S. Robinson wa mwaka 1950. Alichukua sensa ya Marekani ya 1930. Akilinganisha majimbo, palipokuwa na wahamiaji wengi palikuwa na wachache wasiojua kusoma: kipimo cha uhusiano (huenda kutoka hasi 1 hadi chanya 1, na 0 ni hakuna uhusiano) kilikuwa hasi 0.53. Alipoangalia mtu mmoja mmoja, ishara ikageuka: wahamiaji ndio walioelekea zaidi kutojua kusoma, kipimo kikiwa chanya 0.12 hivi. Namba zote mbili ni sahihi. Wahamiaji walikuwa wamekwenda kukaa kwenye majimbo ambayo wenyeji wake walikuwa wamesoma. Kwa hiyo picha ya eneo inaweza kukudanganya ukubwa wa jambo, na inaweza hata kukugeuzia mwelekeo wake.

Halafu kuna uchache wa namba, ambao ndio unaotengeneza "sifa mbaya" nyingi. Afisa ana wakopaji 12 kwenye mtaa, wawili wanakwama: anaandika asilimia 17. Wiki inayofuata mmoja analipa, inakuwa asilimia 8. Jina la mtaa limeshachafuka na hakuna atakayerudi kulisafisha. Hata mfano wangu wa 10 na 15 kwenye watu mia mia unaweza kuwa bahati tu. Ili kuitenganisha tofauti ya aina hiyo na bahati kwa uhakika wa kawaida wa kitakwimu, unahitaji wakopaji wapatao 700 kila upande. Waulize wenye hoja ya kwanza kila mtaa wanaoutaja una mikopo mingapi. Usikubali asilimia bila hesabu ya watu pembeni yake.

Jambo la mwisho kwa sasa: waliokataliwa hawamo kwenye rekodi. Mtaa ukishapewa 0 kwa miaka kadhaa, wanaopita kutoka huko ni wachache mno, na wengine wamepita kwa kujuana. Wale ndio wanaokuwa kipimo cha mtaa mzima.

---

Mipaka

Niongezee kwenye alichosema Bint Jedwali, upande wa neno "mtaa" lenyewe.

Mtaa ni mstari uliochorwa na mtu. Usogeze mstari barabara mbili upande wa pili na wastani wote unabadilika ilhali hakuna mtu aliyehama. Wataalamu wa takwimu za ramani, akina Openshaw na Taylor, walionyesha mwaka 1979 kwamba data ile ile, ikigawanywa kwa mipaka tofauti, inaweza kutoa matokeo yanayopishana sana. Kwenye fomu yako hali ni mbaya zaidi kwa sababu mipaka imo kichwani mwa afisa. Watu wawili wanaotenganishwa na ukuta mmoja, mmoja akitaja jina la mtaa wa mbele na mwingine la mtaa wa nyuma, wanapishana alama 15.

Kuhusu uhalifu, ambao mara nyingi ndio unaojificha nyuma ya maneno "sifa mbaya": takwimu za polisi huandikwa mahali tukio lilipotokea. Hazisemi mtendaji analala wapi. Eneo lenye soko au kituo kikuu cha mabasi hupokea maelfu ya watu mchana, wizi ukitokea unahesabiwa hapo, kisha unagawanywa kwa idadi ya wakazi wachache wanaolala hapo usiku. Asilimia inapaa. Wakazi wenyewe ndio wanaoibiwa, na ndio wanaopewa alama 0.

Na hata ndani ya eneo linaloitwa baya, matukio hayakuenea kama mchuzi kwenye sahani. Sherman, Gartin na Buerger walichunguza simu zilizopelekea polisi kutumwa mjini Minneapolis na kuchapisha mwaka 1989: asilimia 3 hivi tu ya anwani na makutano ya barabara zilizaa nusu ya simu zote. Nyumba kadhaa, kona kadhaa. Barabara inayofuata inaweza kuwa tulivu mwaka mzima, lakini jina ni moja.

Sasa hili ndilo ninaloomba lisomwe taratibu, kwa sababu maafisa wengi husema "mimi nimefika pale, nimeona kwa macho". Robert Sampson na Stephen Raudenbush walitumia picha za video za barabara za Chicago, zilizopigwa kutoka ndani ya gari lililokuwa likienda polepole. Waliokaa kuzitazama walihesabu dalili za vurugu: takataka, michoro ya ukutani, magari yaliyotelekezwa. Kisha hesabu hiyo ikalinganishwa na majibu ya watu walioulizwa mtaa una vurugu kiasi gani. Matokeo yao ya mwaka 2004: vurugu iliyohesabiwa ilichangia majibu, lakini rangi za wakazi na umaskini wao vilichangia zaidi. Watu waliona uchafu mwingi zaidi palipo na weusi wengi, hata pale hesabu ya uchafu ilipokuwa sawa. Tena haikuwa kwa wazungu peke yao, weusi nao walijibu hivyo. Kuona kwa macho kulikuwa kumeshachanganyika na kusikia kwa masikio kabla mtu hajafika.

Hoja ya samaki aliyeoza siijibu kwa takwimu. Methali hiyo ni ya kapu, na samaki hawachagui kapu wala hawana mlango wa kufunga. Mtu anakaa mtaa kwa sababu kodi yake inafika hapo, au mama yake mgonjwa yuko hapo, au ni karibu na kazi.

---

Msaili_B

Mimi niseme upande wa ajira, maana muuliza ameutaja, na kuna mitego ambayo itamhusu pia kwenye mikopo.

Ushahidi wa kwamba anwani inamponza mwombaji upo, lakini hauendi upande mmoja, na ni vizuri kuujua wote kabla ya kuingia kwenye kikao. Utafiti wa Bertrand na Mullainathan uliochapishwa 2004 ulituma wasifu wa kubuni karibu 5,000 Boston na Chicago. Unakumbukwa zaidi kwa majina: wenye majina yanayosikika ya kizungu waliitwa mara moja na nusu ya wenye majina yanayosikika ya weusi. Lakini ndani yake lipo pia hili: anwani ya mtaa wenye kipato cha juu iliongeza simu za kuitwa. Uingereza, Rebecca Tunstall na wenzake walituma maombi ya kazi za chini kwa anwani za mitaa yenye sifa nzuri na mbaya, na hawakupata tofauti ya maana. Na Washington, David Phillips alipotenganisha umbali na utajiri wa mtaa, kilichopunguza simu kilikuwa umbali.

Hilo la umbali ndilo la kushika. Mara nyingi mwajiri anayesema "mtaa ule hapana" ana hofu mbili zilizofungwa fundo moja: atachelewa, na atakuwa na tabia. Zifungue. Kuchelewa kunaulizika waziwazi, na waulizwe wote kwa maneno yale yale: "Kazi inaanza saa 1 kamili asubuhi siku 5 kwa wiki. Utafikaje, inachukua dakika ngapi, na usafiri wa kwanza ukikwama una njia gani ya pili?" Anayekaa mbali akajibu kwa mpango kamili anamzidi anayekaa karibu akajibu "nitaangalia". Tabia nayo ina mahali pake: mwite msimamizi wake wa zamani kwa simu, muulize aliwahi kukabidhiwa fedha au funguo, kwa muda gani, na zilirudi zote.

Sasa mtego. Wengi wakisikia haya wanafuta safu ya anwani na kwenda nyumbani. Ukimnyima mchujaji habari moja bila kumpa nyingine iliyo bora, anakisia, na anakisia kwa kutumia kilichobaki. Hili lilipimwa. Marekani zipo sheria zinazokataza fomu ya kazi kuwa na kisanduku cha kuuliza kama mwombaji amewahi kutiwa hatiani. Amanda Agan na Sonja Starr walituma maombi ya kubuni karibu 15,000 New Jersey na jiji la New York, kabla na baada ya sheria hizo. Kwa waajiri waliokuwa na kisanduku, wazungu waliitwa asilimia 7 zaidi ya weusi waliolingana nao. Kisanduku kilipoondolewa pengo likawa asilimia 43. Waajiri walikosa jibu, wakalijaza kwa rangi.

Kwa hiyo ukiondoa mtaa, siku hiyo hiyo weka kitu ambacho mtaa ulikuwa unajifanya kukipima.

Na ukificha anwani, ificheni kweli. Huvuja kwa njia hizi: jina la shule ya msingi, anwani iliyochapwa juu ya barua ya mdhamini, jina la faili ambalo karani ameandika jina la mtu na mtaa wake ili asisahau, picha ya biashara yenye kibao cha jirani, na alama ya mahali kwenye ramani iliyotumwa kwa simu. Njia inayofanya kazi ni karani mmoja kupokea maombi, kumpa kila mwombaji namba, kuweka jina, simu na anwani kwenye jedwali moja lililofungwa kwa nywila, na kumpelekea mchujaji jedwali la pili lenye namba na majibu tu. Anwani inafunguliwa baada ya uamuzi, kwa ajili ya mkataba.

---

Mpitia_Fomu

Nawashukuru sana, dada Jedwali na wakuu wote. Niweke mazingira sawa ili majibu yawe ya kutendeka: maafisa ni 6, maombi ni kama 400 kwa mwaka. Kwa hiyo hizo hesabu za watu 700 kila mtaa hazifikiki. Je, kwa udogo huu naweza kupima chochote? Na hoja ya pili, ya kumfuatilia mteja, hamjaigusa.

---

Bint_Jedwali

Unaweza, mkuu. Kabla ya kupima chochote kipya, fungua mafaili ya zamani na tazama kipengele hiki kinaamua nani. Kupita ni 60. Vipengele vingine vyote vina jumla ya 85. Aliyepata 60 au zaidi kwenye hivyo anapita hata akipewa 0 ya mtaa. Aliyepata 44 au pungufu hapiti hata akipewa 15. Waliobaki katikati, kuanzia 45 hadi 59, ndio ambao mtaa unaweza kuwaamulia. Mwenye 50, kwa mfano: mtaa "mzuri" anafika 65 anapita, "kawaida" anafika 58 anaanguka, "mbaya" anabaki na 50 anaanguka. Ni mtu yule yule, na majibu yale yale. Toa mafaili yote ya miaka miwili yenye 45 hadi 59, yahesabu, na uyapeleke kikaoni kwenye bahasha moja. Kikao kikishika karatasi za watu halisi mazungumzo hubadilika.

Hapo hapo kuna kosa linalofanyika karibu kila mara: watu wanafuta alama 15, fomu inabaki na 85, na wanasahau kushusha kiwango cha kupita. 60 ya 100 ni sawa na 51 ya 85. Ukiacha 60 umepandisha ukuta kwa wote, na miezi sita baadaye wataambiwa "mnaona, tulipoondoa mtaa wanaopita wamepungua".

Ukitaka jumla ibaki 100 na kupita kubaki 60, alama 15 zigawe, lakini zisitawanywe sawasawa kwa kuogopa ugomvi. Mimi ningezigawa hivi: 7 kwa ukawaida wa kipato, yaani siku ngapi kati ya 30 zilizopita kulikuwa na mauzo au malipo, kwa daftari au miamala ya simu. 5 kwa historia ya kulipa kitu chochote cha kila mwezi kwa miezi 12: kodi ya nyumba, umeme, ada, mchango wa kikundi. 3 kwa uwiano wa rejesho na kipato kinachobaki baada ya matumizi ya lazima. Usiweke "ameishi hapo miaka mingapi" kama alama kubwa. Linaonekana halina madhara, lakini linamwadhibu mpangaji ambaye mwenye nyumba ameuza, na kwa mlango wa nyuma unarudi kupima mtaa, maana wapangaji wamejaa sehemu moja kuliko nyingine.

Hoja ya kufuatilia: ni gharama halali, ila ni gharama ya ofisi, haina uhusiano na uaminifu wa mtu. Ipime kama gharama. Dakika za kwenda na kurudi, na kama kuna simu mbili zilizopigwa zikapokelewa siku ya maombi: ya mwombaji na ya mtu wa karibu. Anayekaa ndani kabisa ambako gari halifiki lakini simu zote mbili zinapokelewa ni rahisi kufuatiliwa kuliko mwenye nyumba ya barabarani asiyepokea. Iwekwe kwenye mpango wa kazi wa afisa, nje ya alama.

Sasa jaribio. Kwa maafisa 6 unafanya hivi:

1. Chagua mafaili 40 ya zamani, ondoa majina. Yawe ya katikati, ya 45 hadi 59, kwa sababu kule juu na kule chini mtaa haubadilishi matokeo.
2. Kila faili litengenezee nakala mbili zinazofanana herufi kwa herufi isipokuwa mtaa. Nakala moja mtaa wenye sifa nzuri, nyingine mtaa wenye sifa mbaya. Chagua mitaa miwili iliyo na umbali sawa kutoka ofisini, la sivyo utapima umbali ukidhani unapima sifa.
3. Kila afisa apate mafaili yote 40, lakini nakala moja tu ya kila faili: 20 za mtaa huu, 20 za ule. Kwa kila faili, maafisa 3 waone nakala ya kwanza na 3 waone ya pili. Unapata alama 240, yaani 120 kila upande.
4. Kipengele cha mtaa kiwe kimeshaondolewa kwenye fomu ya jaribio. Anwani ionekane tu pale juu, kama kawaida.
5. Linganisha ndani ya faili lile lile, kisha tazama kipengele kwa kipengele.

Hiyo namba 5 ndiyo yenye mali. Kama kipengele cha rejesho na kipato hakijasogea lakini "mwonekano wa biashara" au "haiba ya mwombaji" imeshuka pale mtaa ulipobadilika, umeshapata tundu mtaa unapopitia. Vipengele vya hesabu huwa vigumu kuchezewa. Vile vya afisa kukadiria ndivyo vinavyovuja. Dawa yake ni kumtaka aandike alichokiona: bidhaa za aina ngapi, daftari lina kurasa za tarehe zipi, mizani ipo au haipo.

Tumia alama zenyewe, usitumie "amepita au hajapita". Kwa alama, nakala 120 kila upande zinaweza kukuonyesha tofauti ya wastani. Kwa kupita na kutopita, kuigundua tofauti ya asilimia 30 dhidi ya 20 kunataka kama 300 kila upande, na 30 dhidi ya 25 kunakaribia 1,300. Wengi hufanya jaribio la nakala 50, hawaoni kitu, wanatangaza ubaguzi haupo. Jaribio dogo kutoona kitu hakuthibitishi kwamba hakipo.

Linaloharibu zaidi ni maafisa wawili kukaa meza moja na kugundua wana faili lile lile lenye mitaa tofauti. Wapeni siku tofauti.

---

Mipaka

Nikazie jambo moja ambalo linasahaulika: mfiche anayeamua, lakini msiifute anwani kwenye kumbukumbu. Bila anwani huwezi kukagua. Kila miezi 3 mtu asiyeamua maombi achukue waliopata alama zinazolingana, aangalie waliokubaliwa na kukataliwa wametoka wapi.

Marekani walijifunza hili kwa gharama kubwa. Shirika la serikali la mikopo ya nyumba lililoanzishwa 1933, HOLC, lilichora kati ya 1935 na 1940 ramani za miji zaidi ya 200. Mitaa iliwekwa madaraja manne: A kijani, B bluu, C njano, D nyekundu. Kwenye fomu za maelezo, kuwepo kwa weusi na wahamiaji kuliandikwa kama dosari ya mtaa. Mitaa ya nyekundu ilikuwa tayari imekosa mikopo mingi kabla ya ramani, na tathmini za aina hiyo ziliendelea kutumika kwenye fedha za nyumba kwa miongo. Sheria ya 1968 ilikataza ubaguzi wa nyumba, na ya 1974, iliyopanuliwa 1976 ili iguse rangi, ikakataza ubaguzi kwenye mikopo. Sheria ya 1975 ikawataka wakopeshaji watoe takwimu za mikopo ya nyumba kwa eneo. Hapo ndipo mtu wa nje alipoweza kuonyesha kwa namba benki gani inaruka mitaa gani. Na 1977 ikaja sheria ya kuzitaka benki zihudumie maeneo zinakopokea amana, yakiwemo ya kipato cha chini.

Ufaransa walikwenda moja kwa moja kwenye anwani: sheria ya Februari 2014 iliongeza mahali pa kuishi kwenye orodha ya sababu ambazo ni marufuku kumbagua mtu kwazo. Angalieni sheria ya mnakofanyia kazi, maana hata pasipotajwa makazi, mtaa ukiwa na watu wa kabila, dini au asili moja, alama ya mtaa inaweza kuhesabiwa kuwa ubaguzi wa hivyo vingine.

---

Mlezi_wa_Wasifu

Samahani nachomekea, lakini wanaosoma uzi huu si wachujaji tu. Kuna aliye upande wa pili wa meza.

Kwenye wasifu wa kazi, anwani kamili haihitajiki hatua ya kwanza. Jina la mji, simu na barua pepe vinatosha. Usiandike mtaa wa ndugu yako ukidai ndiko unakoishi: barua ya mkataba ikirudi, au fomu ya bima ikidai uthibitisho, unaondolewa kwa uongo, na uongo ni sababu halali kuliko mtaa. Kama kazi ni ya zamu, andika mstari mmoja: "Nafika kazini kwa dakika 40, naweza zamu ya saa 12 asubuhi." Unamjibu kabla hajawaza.

Ukiulizwa kwenye usaili "unaishi wapi?", taja, na uunganishe hapo hapo na kufika: mtaa, njia, dakika. Usiombe radhi kwa mtaa wako wala usianze kuusimulia kwamba siku hizi kumetulia. Ukianza kuutetea, mazungumzo yanahamia kwenye mtaa na wewe unapotea.

Kwa anayetafuta nyumba au mkopo, beba vinavyozungumza badala ya anwani: risiti za kodi za miezi 12 zilizopangwa kwa tarehe, taarifa ya miamala ya miezi 6, na simu ya mwenye nyumba wa sasa aliyekwisha kuambiwa atapigiwa. Hilo la mwisho watu wanaliruka. Mwenye nyumba anapigiwa ghafla, anajibu kwa wasiwasi, na wasiwasi wake unaandikwa kuwa wa kwako. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi na alama za kila kipengele.

---

Mpitia_Fomu

Nimeelewa. La mwisho: afisa akiona mtu amepita kwa alama lakini "moyo unakataa", aruhusiwe kumzuia?

---

Msaili_B

Aruhusiwe, kwa sababu kuna mambo fomu haiyaoni. Lakini kwenye karatasi yenye nafasi tatu za kujaza: nini kilitokea, lini, na nani mwingine aliyekiona. "Daftari la mauzo limeandikwa lote kwa kalamu moja siku moja, nimelikagua tarehe 4 na mwenzangu" inapokelewa. "Mazingira anayotoka hayaridhishi" inarudishwa kwa afisa, na mwombaji anaendelea kwa alama zake. Wekeni hesabu ya kila afisa amezuia wangapi na wa mitaa ipi, na yule wa ukaguzi wa miezi 3 aanze na faili hizo.